Kijana anayetuma elfu ishirini nyumbani anapunguza ufukara kuliko mikopo ya vikundi. Nipingeni kwa hoja

#1 Mnyampaa_Halisi
Wakuu, salaam.

Kila Agosti 12, Siku ya Vijana, tunasomewa risala kwamba vijana ndio watakaoutokomeza umaskini uliokithiri. Watautokomezaje? Hapo risala huishia, ngoma zinaanza.

Hoja yangu ni hii. Umaskini wa kutupwa, ule wa kukosa hata chakula, unapunguzwa na kijana aliyeondoka kijijini akawa anatuma hela. Yule aliyebaki akisubiri kuundiwa kikundi ili halmashauri iwakopeshe simuoni akipunguza kitu. Kwetu Iramba, mwezi wa pili ghala zikiwa tupu, nyumba ambayo moto unawaka jikoni ni yenye mtoto Dar, Mwanza au Mererani, hata kama shamba lao ni kiduchu. Mama anapata meseji, anakwenda kwa wakala pale senta, anatoa elfu ishirini, anarudi na mahindi, mafuta ya kula na kipande cha sabuni. Hakuna semina hapo.

Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 unasema Tanzania Bara walio chini ya mstari wa umaskini wa chakula ni 8.0%, kutoka 9.7% mwaka 2011/12. Mstari wenyewe ni shilingi 33,748 kwa mwezi. Elfu ishirini hapo si mchezo.

Haya, nipigeni mawe.

#2 Kiti_Cha_Mbele
Nimekaa paleee na karanga zangu.

#3 Mwl_Mstaafu
Mnyampaa, takwimu zako ni sahihi ila umezisoma nusu. Hiyo 33,748 ni kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, tena kwa bei za wakati ule. Kaya ya watu sita huwezi kuivusha kwa elfu ishirini. Halafu huo ni mstari wa chakula tu. Ukiweka mahitaji ya msingi mstari unapanda hadi 49,320, na walio chini yake walikuwa 26.4%. Hiyo hela inampunguzia mama njaa ya wiki mbili. Kumtoa kwenye umaskini ni habari nyingine.

Na mistari yenyewe huhama. Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wake wa kimataifa kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3.00. Kuna watu walilala si mafukara wakaamka mafukara, na mfukoni hakuna kilichopungua.

#4 Mnyampaa_Halisi
Mwalimu, heshima yako. Lakini njaa ya wiki mbili ndiyo inayomfanya mtu auze mbuzi kwa bei ya kutupa au akope gunia moja arudishe mawili mavuno yakifika. Ukiizuia hiyo umezuia mengi. Kikundi gani kinafika kwa wakati huo?

#5 Kijiweni_Mbezi
Mnaongea elfu ishirini kama inaokotwa. Ngoja mimi mtumaji niseme.

Naendesha pikipiki ya mkataba, namlipa bosi kidogokidogo mpaka iwe yangu. Hesabu ya bosi ni elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki sitini. Piga mwenyewe: milioni tatu na laki sita kwa pikipiki aliyonunua milioni mbili na laki nane. Mafuta yangu, pancha yangu, oili yangu, faini yangu. Ukiumwa hesabu haiumwi, inasogezwa mbele. Siku unakabidhiwa kadi, injini inatoa moshi kama jiko la mkaa na tairi zote mbili zinaonyesha nyuzi.

Sasa nikituma elfu ishirini nyumbani Manyoni, ujue nimetuma hesabu ya siku mbili. Mwezi uliopita niliituma, kesho yake nikakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili bosi asichukue chombo. Mama alikula, mimi nikaliwa. Umaskini haukupungua, umehamia Mbezi.

#6 Kiti_Cha_Mbele
"Mama alikula, mimi nikaliwa." Hii iandikwe nyuma ya bodaboda.

#7 Dada_wa_Sumbawanga
Nimesoma mpaka hapa, watumaji wote ni wanaume wenye pikipiki. Dada wa kazi za ndani mmemuacha wapi? Yule anatuma karibu mshahara wote kwa sababu analala na kula kwa bosi. Kwetu nyumba nyingi zilizopata bati zimepata kwa mgongo wa binti wa miaka kumi na saba aliyepelekwa Mbeya au Dar na shangazi. Na mara nyingi hela haipiti mkononi mwake, bosi anamtumia baba moja kwa moja. Huyo ndiye kijana anayeondoa ufukara wa wenzake, yeye hana hata akaunti.

Hapohapo ameacha shule. Akirudi na mimba, hesabu inaanza upya kwa kizazi kingine. Tangu waraka wa Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, jambo jema. Lakini nani anamlea mtoto, na nauli anatoa nani? Bibi yuleyule wa elfu ishirini.

#8 Jaluo_wa_Dunga
Hamjambo majirani. Hapa Kisumu hoja ya Mnyampaa ina ushahidi. Tavneet Suri na William Jack walichapisha utafiti kwenye jarida la Science, Desemba 2016. Waligundua M-Pesa ilitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini uliokithiri, yaani 2% ya kaya zote. Kwa hivyo kutuma pesa si hadithi ya kijiweni, imepimwa.

Sisi tumejaribu na mikopo: hazina ya vijana tangu 2006, Uwezo 2013, halafu Hustler Fund Novemba 2022, ukianza unapewa hata shilingi mia tano. Mia tano ya Kenya utafungua biashara gani, ya kuuza njugu kwa hesabu?

#9 Mchumi_wa_Mtaa
Jaluo, utafiti umeutaja vizuri, ila haupimi kijana kutuma hela. Ulipima kaya iliyosogezewa mawakala wa M-Pesa ikilinganishwa na isiyosogezewa. Na faida kubwa ilikuwa kwenye kaya zinazoongozwa na wanawake: wanawake wapatao 185,000 walitoka kwenye kilimo cha kujikimu wakaingia kwenye biashara. Unaweza kusema ni hela ya mtoto, unaweza kusema ni mama kupata pa kuweka akiba mume asipopaona. Vyote vinaingia.

Na huku kwetu tulipoona njia inafanya kazi tukaiwekea geti. Julai 2021 tozo za miamala zilianza, kelele zikapigwa, Septemba zikapunguzwa kwa 30%, na bajeti ya 2023/24 ikaondoa tozo kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa. Mama yake Mnyampaa anatoa. Hatumi.

#10 Afisa_Kata
Nafanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata, kwa hiyo mawe yaliyokuwa yaende kwa Mnyampaa yaleteni kwangu.

Mikopo ya halmashauri haina riba. Sheria inataka 10% ya mapato ya ndani: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilionyesha mabilioni hayarejeshwi na vikundi vingine havipo, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Wanaosema "haifanyi kazi" hawajaona mama lishe aliyetoka kwenye sufuria mbili akawa na mgahawa. Nimeona.

Lakini kwa vijana, nikiri kazi ni ngumu. Nilikuwa na kikundi cha vijana watano wa matofali. Andiko zuri, hela ikatoka, mashine ya kufyatulia ikanunuliwa. Iwekwe wapi? Kwa mwenyekiti, kwao kuna uzio. Wiki ya tatu mwenyekiti anafyatua usiku na shemeji yake, katibu amenuna, mhazini kaenda Geita kwenye dhahabu, wawili waliobaki wananipigia simu saa nne usiku. Matofali yalikuwa na soko! Kilichokufa ni kikundi. Vijana hawa hawakuchaguana, walikusanyana kwa sababu fomu inataka watu watano.

#11 Fundi_Aluminiamu
Afisa umesema ukweli, ongeza na upande wetu. Tulizungushwa. Leo mtendaji hana muhuri, kesho muhtasari hauna sahihi ya mwenyekiti wa mtaa, keshokutwa katiba ya kikundi ibadilishwe kipengele. Mwisho tukaambiwa bajeti imekwisha, na kikundi kilichopata kina mtoto wa mtu. Sitaji halmashauri. Nauli tuliyotumia ingenunua mashine ya kutoboa.

Niliishia kujifunza kazi kwa fundi, bure, nafagia vyuma. Leo nakata madirisha yangu mwenyewe. Kilichonitoa ni ufundi wa mikononi, wala si mkopo wala kutumiwa.

#12 Mswahili_Kampala
Huku Uganda kuna jambo lilifanyika mkalijue. Mwaka 2008 serikali ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana kaskazini, kule vita vya Kony vilikopita. Si mkopo, ni hela ya bure, wastani wa dola 382 kwa kila kijana, na hakuna aliyekuja kuwakagua. Wengi walijilipia mafunzo ya ufundi, wakanunua cherehani na vifaa vya useremala. Baada ya miaka minne walikuwa wanapata kipato cha juu kwa 38% kuliko wenzao waliokosa. Watafiti ni kina Christopher Blattman.

Kwa hiyo Fundi yuko sahihi: ufundi na vifaa. Waacheni na hela yao, watajua.

#13 Mchumi_wa_Mtaa
Kaka wa Kampala, umeishia sura ya kwanza. Haohao watafiti walirudi baada ya miaka tisa. Waliokosa ruzuku walikuwa wamewafikia waliopata, kwa kipato na kwa matumizi. Walijikongoja kwa vibarua na biashara ndogo mpaka wakalingana. Waliopata walibaki na vifaa zaidi na wengi zaidi wapo kwenye ufundi, lakini pengo la mfukoni lilikwisha.

#14 Mswahili_Kampala
Miaka kadhaa ya kula vizuri mapema unaiita si kitu? Mtoto aliyezaliwa katikati hapo alikunywa maziwa. Hayo hayarudi nyuma.

#15 Mchumi_wa_Mtaa
Sijasema si kitu. Nasema ruzuku iliwawahisha. Kuwabadilishia maisha moja kwa moja ni dai jingine.

#16 Kiti_Cha_Mbele
Hawa wawili wafunguliwe uzi wao. Karanga zimebaki nusu.

#17 Mmakonde_wa_Mikindani
Wote mnazunguka mbuyu. Suala ni ardhi na nani ana hela wakati wa njaa.

Kwetu Mtwara mikorosho ni ya wazee. Kijana wa miaka thelathini anapulizia salfa shamba la baba, anaokota korosho za baba, na stakabadhi ghalani, ile risiti ya mzigo uliopokelewa ghala la mnada, inaandikwa jina la baba. Yeye anapewa "ya soda". Atakuwa na shamba lake baba akifa, na hapo lazima agawane na ndugu saba. Ukimuona amekwenda kuendesha bodaboda usiseme hapendi kilimo. Hana cha kulima.

Anayebaki na akili ya biashara anakuwa kangomba, mlanguzi wa korosho. Mwezi wa kwanza, wa pili, mama hana unga. Kijana anakuja na elfu tano na bakuli. Korosho haijatoa hata maua mtini lakini imeshauzwa, kwa kipimo cha bakuli ambalo likijaa vizuri linapita kilo. Msimu ukifika, kangomba anapeleka mzigo ghalani kwa bei ya mnada. Mwaka 2018 waliwindwa kama wezi, serikali ikasema kilo 3,300 kwa mkulima halisi. Lakini niulizeni: yule mama mwezi wa pili angekwenda kukopa wapi? Nani mwingine alimletea elfu tano mlangoni?

#18 Dada_wa_Sumbawanga
Kwa hiyo mchango wa kijana katika kutokomeza ufukara ni kumnunulia mama yake maua. Tumekwisha.

#19 Mmakonde_wa_Mikindani
Dada usinichekeshe, nimesema ndivyo ilivyo, sijasema ndivyo iwe. Na ukiangalia ni kinyume cha Mnyampaa. Hela ya kwake inatumwa mwezi wa pili bila bakuli. Nyumba yenye mtoto mjini haiuzi maua. Hapo nampa alama zake.

#20 Mnyampaa_Halisi
Asante Mmakonde, nilijua Kusini kuna watu.

#21 Binti_Muscat
Mimi ndiye mtumaji, na sikubaliani na mwenye uzi.

Niko Oman kazi za ndani, natuma zaidi ya elfu ishirini, natuma ya kueleweka. Mwaka wa kwanza nyumbani walipiga bati na kumlipia mdogo wangu chuo. Mwaka wa pili kaka yangu akaacha kulima ufuta. Ya nini, na dada anatuma? Mwaka wa tatu napigiwa simu ya msiba wa mtu nisiyemjua, mchango laki moja. Nikichelewa tarehe tano napata meseji ya baba: "Mwanangu kulikoni?" Hajauliza hali yangu, ameuliza kulikoni.

Nikirudi leo nyumba ina bati na shamba lina pori. Ufukara haujaisha, umesimama unanisubiri nifukuzwe kazi.

#22 Kijiweni_Mbezi
Dada pole. Ila "tarehe tano" umenigusa, na mimi nina bosi wawili: wa pikipiki na wa Manyoni.

#23 Mwl_Mstaafu
Naomba nirudi. Mnasahau upande wa serikali wenye fedha taslimu kwa kaya: mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini, tangu 2012. Kaya inapata ruzuku, watoto wakihudhuria shule na kliniki inaongezeka, na wenye nguvu wanapata ajira za muda: kuchimba lambo, kutengeneza barabara ya kijiji. Nimekaa kwenye mkutano wa kijiji wa kutambua walengwa. Kijana mwenye mke na watoto wawili, hana shamba wala mbuzi, jina lake lilikatwa kwa kauli ya mzee mmoja: "Huyu ana mikono." Bibi kizee mwenye watoto wanne Dar aliingia. Mikono bila jembe inahesabika kuwa mali!

#24 Jaluo_wa_Dunga
Mwalimu, na kilimo cha vijana mlichozindua? Tulisikia mpaka huku.

#25 Mwl_Mstaafu
BBT (Building a Better Tomorrow), yaani Jenga Kesho Iliyo Bora. Wizara ya Kilimo, mashamba makubwa ya pamoja Dodoma, Chinangali na kwingineko. Kijana anapata ardhi iliyosafishwa yenye umwagiliaji, kwa hiyo inajibu kilio cha Mmakonde moja kwa moja. Awamu ya kwanza vijana 812 walikwenda mafunzoni 2023. Wazo nalipenda. Lakini nchi ilihesabu watu 61,741,120 kwenye sensa ya 2022, zaidi ya theluthi ni wa miaka 15 hadi 35. Idadi kama hiyo ya 812 nilikuwa nayo kwenye paredi ya asubuhi shule moja ya sekondari.

#26 Fundi_Aluminiamu
Na waliochaguliwa kwa kujaza fomu mtandaoni si wale wa umaskini wa kutupwa. Wa kutupwa hana bando.

#27 Mzee_wa_Mkeka
Mmezungumza yote mmeacha kubeti. Kijana wa leo elfu ishirini haitumi Manyoni, anaiweka kwenye timu kumi na mbili za Ulaya, kumi na moja zinashinda, moja inatoa sare dakika ya tisini na tatu. Mkeka, yaani tiketi yake ya kubeti, umechanika. Umaskini utaondoka saa ngapi?

#28 Kijiweni_Mbezi
Mzee acha kutuonea. Nabeti jero, mia tano tu. Ukiwa na hesabu ya bosi ya wiki sitini, mkeka ndiyo njia pekee unayoiona ya kupata milioni mbili na laki nane kwa mkupuo. Nipe benki itakayonikopesha hiyo kwa riba ya kibinadamu, mimi na mkeka tutaachana.

#29 Afisa_Kata
Kijiweni, usibishane tu. Jiulizeni watano wa kijiweni kwenu: laki nane inayokwenda kwa bosi juu ya bei ndiyo gharama ya kukosa mkopo usio na riba. Nyinyi mnajuana, mnakaa kijiwe kimoja, mna kiongozi mliyemchagua. Hamfanani na wale wa matofali. Kila mtu anakaa na pikipiki yake, hakuna cha kugombania kwa mwenyekiti.

#30 Kijiweni_Mbezi
Sisi tuko kumi na wawili. Wanne wana kitambulisho cha taifa cha NIDA, waliobaki wana namba tu. Wawili hawataki jina lao lijulikane kwa sababu zao.

#31 Kiti_Cha_Mbele
"Kwa sababu zao" 😂😂

#32 Mchumi_wa_Mtaa
Afisa, mkileta mikopo ya pikipiki kwa kila kijiwe, kesho pikipiki zitakuwa nyingi kuliko abiria. Nauli ya Mbezi itashuka, hesabu itabaki. Mnaondoa ufukara wa kumi na wawili mnauhamishia kijiwe cha pili.

#33 Dada_wa_Sumbawanga
Huyu Mchumi kila dawa anaiona ina madhara. Mgonjwa afe tu?

#34 Mgeni_Mpya_Kahama
Habari wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Tuko wanne, tunashona viatu vya shule, tuna cherehani moja ya kukodi. Afisa wetu wa kata alisema tuongeze mtu mmoja tufike watano. Tunaogopa kumweka mtu tusiyemjua, ya matofali yasije yakatupata. Je, dada wa mmoja wetu anaruhusiwa? Anajua kushona kuliko sisi.

#35 Afisa_Kata
Karibu. Yeye ana umri gani, na anaishi kata hiyohiyo? Kabla ya fomu andikeni kwenye katiba cherehani zitalala wapi na nani ana ufunguo. Andikeni pia anayeondoka anachukua nini. Hayo mawili msiyaachie mdomoni.

#36 Mgeni_Mpya_Kahama
Ana 24, anaishi hapahapa. Ufunguo tayari anao yeye, sisi tulishampa zamani.

#37 Mmakonde_wa_Mikindani
Basi mwekeni mwenyekiti, halafu mje mtuuzie viatu. Huku Mikindani shule zinafunguliwa mwezi wa kwanza, wakati wa bakuli. Mkipanga kulipwa kidogokidogo mtauza.